Laini Inayofupika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kiti chenye magurudumu. Tangu niingie maabara hii nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na kazi imekwenda. Profesa anasema tarehe ishirini tuna wageni, wasije wakamkuta fundi juu ya ndoo. Haya. Heshima imeletwa kwa magurudumu — itaondoka kwa hayo hayo.

Wageni ni watu wa benki. Wakiridhika, mradi unaendelea. Wasiporidhika, narudi kutengeneza televisheni za watu.

Kazi yenyewe nijielezee hapa, nisije nikasahau siku moja kwamba niliielewa. Tunatuma mwanga ndani ya waya wa kioo, chembe moja moja. Kutokana na chembe hizo, ncha mbili zinapata ufunguo mmoja wa siri. Mtu akichungulia katikati anazivuruga chembe, hana ujanja, na mvurugo unaonekana kwenye skrini kama makosa. Makosa kidogo yapo kila siku: joto, baridi, lori likipita. Yakizidi, mashine inajifunga na kutangaza kwamba mnasikilizwa. Haya yote niliyapata kwenye kitabu cha maelekezo kilichokuwa kimewekwa chini ya mguu wa meza. Nilipokitoa meza ikapata kilema, mimi nikapata cheo.

Ncha moja ni hapa. Ya pili iko mlimani, ng'ambo ya mto: chumba kimoja cha zege na bati, na ndani yake mdogo wangu, Chogo. Zamu ya wiki sita, peke yake. Mimi ndiye niliyempigia debe. Simu haishiki kule, kwa hiyo tunaandikiana kwenye laini yenyewe. Leo: "dada nasikia umepewa kiti. pole kwa kiti."

Jioni Mama kauliza kama kila jioni — umeongea na Chogo? Nimeongea naye. Anakula? Nikamwambia laini inapitisha mwanga, Mama, haipitishi sufuria. Kanitazama kama mimi ndiye niliyemnyima mwanawe chakula.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua! Siku ya pili haijapumua. Mnara wa simu wa upande wa mto umeanguka. Barabara ya mlimani imefungwa.

Makosa kwenye skrini yamepanda mpaka mashine ikajifunga. Bwana Asilimia — mtafiti wetu, mtu asiyeweza kusema "ndiyo" bila kuipimia asilimia — anasema ni maji yameingia kwenye mashimo ya nyaya, asilimia tisini. Nikamuuliza, na zile kumi? Akafuta miwani. Zile kumi ni mtu, akasema, halafu akacheka peke yake.

Nyumbani, mfuniko wa shimo letu unalia. Waya tuliulaza sisi wenyewe: kutoka maabara, chini ya mtaa wetu, kituo cha pampu, chini ya daraja, mpaka mlimani. Shimo moja likaangukia mbele ya geti la Mama. Gari likikanyaga mfuniko — kong'! Mama hajanisamehe. Anasema kati ya mageti yote ya mji huu, binti yake kalichagua la mama yake.

Komeo la mlango wa mbele nalo limevimba kwa unyevu. Chogo peke yake ndiye anayelipatia: akiwa nje anauinua mlango kwa goti, komeo linateleza. Sisi wengine tunasukumana nalo. Aliapa atalitengeneza. Anaapa sana, Chogo.

Jumamosi, 8 Machi

Mashine bado imejifunga, na sasa kuna shida ya pili, mbaya kuliko ya kwanza.

Mashine inajua kama kuna mtu wa tatu katikati. Haijui uko na nani upande wa pili! Mtu akikata waya katikati, akajifanya Chogo kwangu na akajifanya mimi kwa Chogo, mashine itafurahi tu. Ndiyo maana ncha zote mbili zinapewa siri moja ya kuanzia, inayopelekwa kwa mkono, ili zitambuane. Kila siku kipande kinatumika, na ufunguo mpya unajazia pengo. Lakini siku hizi ufunguo mpya hautoki. Siri ya kuanzia imekwisha. Nyingine ipo kwenye kabati la Profesa, na njia ya kuipeleka iko chini ya maji.

Tumekaa watatu tukitazama kabati.

Basi nikafungua mdomo wangu. Nikasema: Profesa, mimi na Chogo tulilala kitanda kimoja miaka minane. Siri za kuanzia tunazo za kumwaga.

Wakacheka. Kisha Profesa akaacha kucheka. Endelea, Fundi.

Nikaeleza. Swali, pamoja na maelekezo haya, nalipitisha kwa mwanga wa kawaida ndani ya waya huohuo, bila siri, aone atakayeona. Jibu halipiti popote: kila mmoja anaandika kwenye mashine yake. Majibu yakilingana, mashine zinatambuana. Swali moja siku moja, likitumika limetumika, kama kijiti cha kiberiti.

Bwana Asilimia akasema hii haimo kwenye makala yoyote aliyosoma. Profesa akamwambia, na wageni wa tarehe ishirini wamo? Ikapita. Nimekwenda nyumbani nikitembea kwa madaha. Kichwa changu leo hakiingii kwenye kofia.

Jumatatu, 10 Machi

Makosa yameshuka. Tumeanza!

Swali la kwanza: paka wa jirani tulimwita nani? Nikaandika: Hakimu. Sekunde chache, mashine ikalia. Zimetambuana. Profesa alinipiga bega, karibu nidondoke kwenye kiti changu cha heshima.

Laini ilipofunguka tu Chogo akaandika: "hakimu!!! yule shetani alinikwaruza hapa bado kuna alama. we dada wewe." Tukaandikiana mpaka Bwana Asilimia akakohoa.

Nimemwambia Mama. Alilia kidogo, akasingizia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Jumanne, 11 Machi

Swali: meno ya bandia ya Babu ulificha wapi? Ndani ya kiatu. Zimetambuana. Chogo: "aliyavaa mguuni kabla ya mdomoni." Nimecheka mpaka machozi.

Nimeanza kuwaza ni mangapi tuliyo nayo, ya kwetu wawili tu. Unadhani utoto ni ghala. Ukianza kuchota unaona sakafu mapema.

Jumatano, 12 Machi

Leo laini ni safi. Haijawahi kuwa safi hivi. Makosa yamekaa chini kuliko siku ile tulipoizindua, na hapo ardhi bado imejaa maji. Bwana Asilimia amepiga picha skrini. Profesa anatembea huku akipiga mluzi.

Mimi nimekaa naitazama. Nimekulia kwenye televisheni mbovu. Kitu kilichokuwa kinakwaruza, kikinyamaza ghafla bila kutengenezwa, fundi hashangilii. Anachomoa plagi kwanza.

Chogo naye kaandika vizuri: "Habari za asubuhi, dada. Hapa ni salama. Nashukuru kwa kazi yako." Nikamuuliza umelewa nini? Akajibu: "Hapana, dada. Sijalewa."

Nikampa kisa kumchokoza. Baiskeli ya Baba, ile ya buluu, alivyoanguka nayo mtaroni akiwa na suti. Ni ugomvi wetu wa miaka yote! Mimi nasema buluu. Chogo anasema kijani, na hii picha iliyobaki nyumbani ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna wa kutuamua. Aliwahi kununa siku tatu kwa sababu ya rangi hiyo. Nikangoja moto.

"Kweli, dada. Nakumbuka. Ilikuwa ya buluu."

Ijumaa, 14 Machi

Nimetega mtego. Swali la leo: baiskeli ya Baba ilikuwa rangi gani?

Chogo ninayemjua angeandika kijani hata angeshikiwa bunduki. Nikaandika kijani.

Mashine imekataa.

Nikakaa. Nikafuta, nikaandika buluu. Zikatambuana papo hapo.

Laini ilipofunguka: "Samahani, dada. Niliandika rangi yako ili kukufurahisha."

Nilipomsimulia Mama alicheka sana. Akasema huo ndio undugu — wewe umemkubalia yeye, yeye kakukubalia wewe, mkagongana mlangoni! Amekua, akasema. Upweke unakomaza.

Inawezekana. Napenda iwe hivyo. Ila kuna mtu mwingine ambaye angeandika buluu: mtu ambaye hakuwahi kumsikia Chogo akibisha, na kisa cha baiskeli alikipata juzi tu, kutoka kwangu.

Jumatatu, 17 Machi

Profesa kaniagiza nitafute mahali maji yalipoingia, wageni wasije wakauliza. Nikachukua kipima-mwangwi. Ni rahisi: unatuma mmweko wa mwanga ndani ya waya, unagonga mwisho, unarudi. Muda wa kurudi unakuambia mwisho uko umbali gani. Kama kupiga kelele kisimani.

Mwisho wa waya uko darajani.

Nimerudia mara nyingi. Daraja. Kutoka pale kwenda mlimani hakuna kitu. Na wakati huohuo kwenye skrini: "Habari za mchana, dada."

Bwana Asilimia anasema kifaa kimelowa. Nikakipima kwenye kibunda cha waya kilichopo mezani ambacho urefu wake umeandikwa ubavuni. Kikatoa urefu uleule. Akasema basi ramani imekosewa. Nikamwambia ramani niliichora mimi. Akafuta miwani kwa adabu, na huo ufutaji nao ulikuwa na asilimia zake.

Laini fupi ni laini safi. Mwanga unapotea kidogo, makosa yanapungua. Hilo hata yeye hakulipinga.

Nikamwandikia: Chogo, uko wapi?

"Nipo hapa, dada."

Hapa wapi?

"Mwisho wa laini."

Jumanne, 18 Machi

Leo asubuhi nilimwandikia, nikijifanya natania: umekuwa na adabu hadi unanitia hofu, hata tusi moja huna. Mchana matusi yalikuja! "Dada kichwa kibuyu, kazi inaendelea. Joto ni la kawaida, dada miguu ya kunguru. Nakutakia siku njema, dada masikio." Kila mstari tusi moja, wala si mawili. Kama dozi ya hospitali.

Kwa hiyo anajifunza. Anajua tunachomwambia, basi. Tusichomwambia hajui.

Nimempeleka Profesa pembeni, nikamweleza yote. Alisikiliza, sina la kumlaumu. Akauliza: nikawaambie benki kwamba mdogo wa fundi amekuwa mstaarabu? Lakini uso wake haukucheka. Akamwita dereva, akampa gari kubwa, akamwambia fika mpaka kule.

Dereva karudi jioni na matope hadi kwenye nyusi. Hakufika. Mto umepanda, maji ya rangi ya chai. Nikamuuliza, daraja? Akasema halionekani. Liko chini ya maji, au halipo. Na waya? Dada yangu, mimi nilikuwa naangalia roho yangu, waya ningeuona saa ngapi?

Mama: umeongea na Chogo?

Nikasema nimeongea.

Anakula?

Sikumuuliza, Mama.

Jumatano, 19 Machi

Mwisho wa waya uko kituo cha pampu.

Siyo darajani. Kituo cha pampu, upande wetu wa mto, ndani ya mji. Waya hautembei! Waya unakatwa. Ili mwisho usogee, mtu akate tena, aunganishe mashine upya, na wakati anaunganisha laini ingezima na ningeona. Haikuzima. Haikupepesa.

Nimekwenda mwenyewe na dereva kwenye shimo la pampu. Tumefunua mfuniko. Waya upo, mzima, umelala kwenye tope kama nilivyoulaza, na alama yangu ya rangi nyekundu juu yake. Hakuna mashine. Hakuna nyayo isipokuwa zetu. Dereva akachungulia, akauliza, sasa tunatafuta nini? Nikamwambia arudishe mfuniko.

Tulipogeuka kuondoka alisema kitu nilichotaka akiseme mtu mwingine zaidi yangu. Alisema: shimo hili lina joto.

Swali la leo lilihusu vidonda vya surua tuliyougua pamoja utotoni. Zimetambuana. Lakini hili niliwahi kulitaja kwenye laini wiki iliyopita, nilikagua baadaye. Nimepekua mazungumzo yote. Karibu kila kitu chetu kimepita pale, kwa mdomo wangu au wa Chogo, tukichekeshana. Nilidhani naweka akiba. Kumbe nilikuwa namsomesha.

Alhamisi, 20 Machi

Wageni walikuwa watatu, na viatu vya kung'aa. Nilikaa kwenye kiti changu. Mmoja aliniuliza ninafanya nini hapa, nikasema nasikiliza. Akadhani ni mzaha, akacheka vizuri.

Walitaka kuona laini ikizungumza. Profesa akaandika mwenyewe: tuna wageni, wasalimie. Chogo akajibu kwa salamu ndefu, safi, isiyo na doa, akawasifu, akamalizia na utani mdogo juu ya kiti changu. Wakapendezwa. Ningependa kuwa na mfanyakazi kama huyu, alisema mwenye viatu vya kung'aa kuliko wenzake.

Wameridhika. Mradi unaendelea.

Walipoondoka Profesa hakupiga mluzi. Alifunga mlango, akaniambia: pima. Akasimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Nikatuma mmweko, nikasoma umbali, nikaweka kidole kwenye ramani. Bwana Asilimia akainama kuona.

Ni nani anakaa mtaa huu? akauliza.

Nikamwambia, Mama yangu.

Shimo la mbele ya geti. Mwisho wa laini uko pale.

Hakutaja asilimia. Profesa akasema chomoa waya. Nikachomoa, nikauziba kwa kofia yake ndogo. Skrini ikazima. Kesho atakwenda polisi, atakwenda jeshini, atakwenda popote penye helikopta ya kufika mlimani. Alitoka na mwavuli wangu badala ya wake. Nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka kujionea mwenyewe.

Kabla sijachomoa, mstari wa mwisho ulikuwa umeshafika. "Dada, nimechoka kukaa hapa. Narudi nyumbani."

Ijumaa, 21 Machi

Profesa yuko kwenye ofisi za watu tangu asubuhi. Helikopta ipo, mafuta hayapo. Mafuta yapo, saini haipo.

Nimekaa nyumbani. Mvua imekatika. Hakuna gari lililopita mtaani mchana kutwa, matope yamezuia. Mfuniko umelia mara mbili.

Mama yuko jikoni anapika kwa wingi. Nilimwambia jana kwamba Chogo aliandika anarudi. Sikumwambia zaidi. Ningesema nini? Kwamba sijui kama mwanawe yu hai, na mimi ndiye niliyempeleka kule? Amefua mashuka ya kitanda chake.

Nimekaa natafuta kilichobaki. Kitu kimoja, ambacho hakijapita kwenye laini. Nimetafuta mchana wote. Kila ninachoshika kimeshachomwa.

Halafu jioni Mama akawasha redio, ukapigwa ule wimbo wa zamani anaoujua kila mtu, nikasimama na sahani mkononi. Baba aliuimba kwa pua kila asubuhi akinyoa ndevu. Na aliukosea! Mwisho wake unashuka. Baba alipanda. Maisha yake yote alipanda pale panaposhuka, Mama akimrekebisha kupitia mlango wa bafu, na mimi na Chogo tukaurithi pamoja na kosa lake. Mpaka leo hatuwezi kuuimba sawasawa.

Laini inapitisha herufi tu. Hili haliandikiki. Halijapita.

Jumamosi, 22 Machi

Mtu mwenye akili angekuwa anafanya kitu. Mimi nimekaa sakafuni mwa sebule, mgongo ukutani, naandika.

Mchana mweupe, jua kali. Mfuniko ulilia — kong' — nikaangalia dirishani, hakuna gari. Halafu geti. Halafu mlango ukagongwa.

"Dada. Fungua. Ni mimi."

Sauti ni yake. Ile mikwaruzo yake ya asubuhi, yote. Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Nilimzuia kwa mabega. Nikamwambia Mama, subiri kidogo, nakuomba. Akaniambia, we mtoto una wazimu?

Nikauliza kupitia mlangoni: umefikaje, na daraja halipo?

"Nimetembea, dada. Nimezunguka juu. Nimechoka, fungua."

Inawezekana. Kuna njia ya juu, ya wachunga mbuzi. Mtu mwenye miguu mizuri, akitoka Alhamisi. Inawezekana!

Wewe nani?

"Chogo. Hakimu alinikwaruza. Meno ya Babu niliyaficha kwenye kiatu. Baiskeli ilikuwa ya kijani, dada, nitasema mpaka nife."

Kijani. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Kisha nikakumbuka: Ijumaa ile, baada ya mashine kukataa, nilimwandikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisema kijani siku zote. Nilimwandikia mwenyewe.

Mama analia sasa, waziwazi, bila vitunguu. Anasema huyo ni mwanangu, amelowa, ana njaa, na wewe unamfanyia mtihani.

Nikasema mmoja tu, Mama. Wa mwisho.

Nikaweka mdomo kwenye ubao. Nikaimba kwa pua wimbo wa Baba, nusu ya kwanza. Nikanyamaza.

Nje hata ndege hakuna.

Halafu akaupokea. Taratibu, kwa pua, kama Baba. Akaja mpaka pale mwisho.

Akashuka.

Sawasawa kabisa. Kama redioni.

Mama amecheka kwa machozi yake. "Angalau mmoja wenu kaupatia!" Amenisukuma. Mimi ni mnene kuliko yeye, na amenisukuma kama pazia. Yuko kwenye komeo. Namwambia Mama hakukosea, hakukosea, Mama sikiliza, na yeye anasema ndiyo, nimesikia, vizuri sana.

Komeo limekwama. Mungu ambariki aliyelichonga. Anavuta kwa mikono miwili. Yule wa nje anasubiri. Anasubiri tu, kwa adabu. Chogo angekuwa ameshauinua.

Nimepiga simu maabara, Bwana Asilimia hapokei. Nimepiga tena.

Mama ameegemea mlango, anazungumza na ubao kwa ile sauti aliyotulazia nayo: "Mwanangu, limevimba. Uinue kwa goti, basi, kama unavyofanya siku zote."

Nje kimya. Kama mtu anayeandika jambo kichwani.

Mlango unainuka.